Gunia la Mwasumini

Mama yangu,

Mkono wako naubusu kwa mbali, na shikamoo yangu ipokee hapohapo ulipokaa, nadhani barazani, mguu mmoja umeunyoosha. Goti linasemaje? Na huko Wete vuli imeshaanza kunyesha? Huku Omani vuli haina mvua. Hewa imekauka mpaka midomo inapasuka nikicheka, ingawa kucheka kwenyewe si sana. Mjukuu wako Ruwaida mzima, anakula, anakutaja. Mimi nipo.

Asha mdogo wangu, wewe ndiye utakayemsomea Mama. Soma yote. Ukifika pahala pakakukaba, nyamaza upumue, halafu endelea. Usiruke kama ulivyokuwa ukiruka kurasa skuli.

Mama, siku ile kwenye simu uliniuliza, "Mize, unarudi lini?" nami nikanyamaza, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikuwa nakusikia unavyoita haloo, haloo, na roho inaniuma, lakini jawabu lilikuwa kubwa kuliko mdomo wangu. Ndiyo nikaona niandike, na wifi yangu anayekuja Unguja harusini atakufikishia.

Wewe unasema nirudi nikae nawe mpaka nitulie. Salim naye kasema, "Nenda kwa mama yako, ukae utakavyo." Mume wangu mtu mwema, ingawa wiki nzima yuko kazini Nizwa na huku mlimani anapanda Alhamisi. Aliyekuwa hataki ni mimi. Sababu sikukwambia. Sababu ni Yusuf. Nikija huko, nani atabaki naye?

Usiseme mwanangu kaingiwa na wazimu. Nisikilize kwanza.

Siku aliyozikwa sikuona kitu. Nilikuwa mzazi, nimelazwa chumbani, maziwa yananitoka na wa kuyanyonya hayupo. Wanaume wakamchukua mikononi tu. Nilijikokota mpaka dirishani nikawaona wanapanda kilima kilicho nyuma ya matuta ya kitunguu thomu, halafu wakapotea. Huku wanawake hawaendi makaburini. Salim aliporudi akanieleza kuwa wamemwekea mawe mawili, moja kichwani, moja miguuni, ndivyo wanavyowawekea wanaume. Mwanamke huwekewa matatu. Nikamwambia, "Mwanamume! Na hakuwahi hata kukaa kitako."

Lilikuwa joto, jua la kupasua jiwe. Basi kila nilipomfikiria nilimfikiria juani. Hilo nilikuwa nimeshalizoea.

Sasa ikaja habari ya hali ya hewa. Ilikuja kwenye simu ya Bi Rahma, mama mkwe wangu, sauti ya mtu anasoma utabiri: upepo mkavu wa kaskazini unakuja, tena mkali, nyasi zimekauka, watu wasiwashe moto mashambani, na sehemu za juu zitapata jalidi. Kiarabu changu cha kuokoteza, mengine nilishika, hilo la mwisho likanipita. Bi Rahma akanitajia kwa Kiswahili, na bado sikulijua.

"Jalidi ndiyo nini, Mama?"

Akacheka. Bi Rahma kazaliwa Unguja, kaletwa huku msichana mdogo, na Kiswahili chake ni kama cha marehemu bibi. Akasema, "Umande ukiganda, mwanangu. Asubuhi unakuta ardhi kama imemwagiwa chumvi, na miti michanga imekufa imesimama. Lakini hao wa utabiri usiwasikilize sana. Walitutangazia mvua, tukaanua nguo, tukaingiza ndani mpaka jogoo. Halikudondoka tone."

Huo mdomo tu. Adhuhuri haijafika keshanitoa nje tufunike miti. Tukaivisha magunia mikomamanga michanga, tukauvisha mlimau, mbuzi tukawapeleka nyuma ya ukuta wasikopigwa na upepo. Gunia zito kuliko yote akaliweka kwa mwasumini wake ulio mlangoni.

Mama, huo mwasumini ndio mboni ya jicho lake. Kichipukizi chake kilitoka Unguja, nyumbani kwa mama yake, kikapita mikono ya watu mpaka kikamfikia hapa. Mama yake mwenyewe hakumwona tena mpaka akafa hukohuko. Basi akawa anaufunga kama mtoto anavyofungwa winda, na mimi ndiye wa kukaza kamba.

"Umekaza, au upepo utauvua nguo mbele za watu?"

"Nimekaza, Mama."

Nikacheka, na palepale, kamba mkononi, kilio kikanitoka. Kila kitu kilikuwa kimefunikwa. Mpaka mbuzi.

"Nini tena?"

"Yusuf, Mama. Nataka nikamfunike." Ile kanga ya manjano uliyomletea kutoka Wete nilikuwa nimejifunga kiunoni.

Akanitazama sana. "Maiti hasikii baridi, Mize."

"Najua. Mimi ndiye ninayeisikia."

"Na wanawake hawaendi kule."

Nikasema hewala. Ningesema nini?

Alasiri upepo ukafika. Si upepo wa kwetu, Mama, ule una unyevunyevu ndani yake. Huu mkavu, unakwangua uso. Kumbe jirani mmoja wa matuta ya chini alikuwa kayawasha matawi aliyoyapogoa. Utabiri kausikia, ila ati alitaka amalize kazi kabla upepo haujaja. Upepo haukumngoja. Moto ukaruka ukuta ukashika nyasi, ukapanda kilima mbio kama mbuzi walioona shamba halina mlinzi. Nikatazama unakoelekea, nikapiga ukelele.

Ruwaida nikamtupia mke wa jirani. Nikaukimbilia mlimau nikauvua gunia, nikalizamisha kwenye mfereji wa falaji, nikaanza kupanda. Nyuma yangu nasikia, "Mize! Mize, ngoja!" Nikajua ananizuia. Wallahi Mama, niligeuka na uso wa kumgombeza mkwe wangu. Nikamkuta ameinama mlangoni anapambana na lile fundo nililolikaza mwenyewe. Anauvua mwasumini.

"Hili zito, litashika maji zaidi," akasema. "Kamata upande huo!"

Tulipofika juu wanaume walikuwa wanapiga moto kwa matawi mabichi. Hakuna aliyetwambia turudi. Na hapo ndipo nilipokwama. Makaburi madogo ni mengi, Mama. Mawe mawili, mawe mawili, matatu, mawili. Sikumjua wangu. Nimemzaa, na sikumjua. Basi nikayapigania yote, ya watoto wa watu wote, nikipiga kwa gunia, na gunia lilipokauka nikaitosa kanga kwenye ndoo ya mmoja wao nikapiga kwa kanga, macho yamejaa moshi, naita tu, "Yusuf, Yusuf," kama nitaitikiwa.

Bi Rahma akanishika bega. "Huyu hapa," akasema.

Kaburi lilikuwa karibu na jiwe kubwa lenye ufa, upande upatao kivuli. Dogo, Mama. Mkeka wa kuswalia ungelifunika ukabaki. Moto tukauulia hapo, nyasi zimeungua mpaka miguuni kwake, lakini jiwe la miguuni halijapata hata masizi.

Nilipopata pumzi nikamuuliza, "Umelijuaje?"

Akajifanya anakung'uta majivu kwenye nguo. "Nani kakwambia mimi siji?"

Upepo ulikatika na kuchwa kwa jua. Magunia yalikuwa maji matupu na mengine yameungua, hapakuwa na cha kuufunikia mwasumini. Nilitaka kuleta blanketi langu. Akanikataza. "Jifunike wewe na mtoto wako."

Asubuhi nikafungua mlango, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaiona jalidi. Kweli kama chumvi. Kilima kilichoungua chote cheusi, na juu ya weusi weupe, unametameta. Ungesema ni kizuri, kama hujui nini kimelala pale. Bi Rahma alikuwa anateremka kutoka huko, ndara zake zimelowa, safari hii hakujificha.

"Nimekwenda kumjulia hali," akasema. "Hajambo."

Mama, sijui kwa nini neno hilo ndilo lililonivunja. Hakuna aliyewahi kuniletea salamu za mwanangu.

Akasimama mbele ya mwasumini. Majani yalikuwa yamelegea, meusi, kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto. Akavunja kijiti, akakitazama ndani. "Umekwenda huu." Nikaanza kumwomba radhi, kwa ajili yangu, kwa ajili ya gunia. Akanikatiza.

"Nenda kwa mama yako, Mize. Mimi wangu nilisema nitakwenda, nitakwenda, mpaka nikaletewa habari. Huyu mtoto hana upweke. Kila nikitoka kusali alfajiri humpitia, humwambia mama yake kaamkaje. Wewe nenda. Ukirudi niletee kichipukizi."

Basi hili ndilo jawabu langu la simu. Nakuja, Mama. Baridi ikipungua, inshallah, nakuja na Ruwaida. Na nitarudi huku pia, nakwambia mapema ili usije ukanishikilia mlangoni nikashindwa kutoka. Usinipokee kwa vigelegele. Nipokee kama mtu aliyekwenda kuchuma akarudi na pakacha tupu: mpokee pakacha lake, mkalishe, mpe maji, usimuulize. Kanga ya manjano naja nayo. Imeungua pembe. Nataka uishike.

Nisalimie Mjomba Khamis anayesomesha chuoni, mwambie dua zake zinafika. Nisalimie mama mdogo Biubwa muuza vitumbua, na shoga yangu Tatu aliyejifungua juzi. Mwambie nimefurahi, na nimefurahi kweli, asione haya kunionyesha mwanawe. Wewe Asha, futa macho.

Na ule mwasumini wako wa pembeni ya kisima, Mama, ukate vichipukizi sasa hivi, uvioteshe kwenye kopo, nikija nikute vimeshika mizizi. Viwili. Kimoja cha mlango wa Bi Rahma. Cha pili pa kukipanda napajua mwenyewe, na safari hii nitakifunika mimi.

Mwanao,
Mize, mama wa Ruwaida na Yusuf