Kamba ya Arobaini na Moja

Kamba ya thelathini na sita imefika kwenye karakana ya milango, Dada Mardhiya, na ndugu yetu Shaame anaomba tupumzike. Ummy ameshika ncha ya mbele, kiti chake cha magurudumu kimesogezwa pembeni ya lami. Mimi, mdogo wako Mbarouk, nimeshika ncha ya nyuma. Mwaka umetimia leo tangu ututoke, na tunapima njia uliyoiacha katikati. Hatukuona namna nyingine ya kuikumbuka siku hii.

Ulikaa manispaa miaka kumi na tisa, dawati la usafiri wa wanafunzi. Mzazi akiomba gari ya skuli au msindikizaji wa mtoto wake, ombi lilifika kwako. Kanuni ilikuwa fupi: njia ikizidi kilomita mbili, mtoto anapata nafasi garini. Mwengine angepima kwenye ramani. Wewe ulikwenda kwa miguu na kamba ya mita ishirini, saa ile ile anayokwenda mtoto, begi lake umelivaa mgongoni. Kila ikitandikwa kamba moja, ulitoa komwe moja ya bao kwenye mkebe ukaitia mfuko wa kushoto wa buibui. Ukirudi ofisini ulihesabu mfuko. Kichwa, ulisema, husahau.

Kwa Muhammad, mtoto asiyeona, ulifumba macho ili akuongoze yeye. Ulirudi goti limechubuka, ukaandika: "Mtaro hauna mfuniko." Mama akakuuliza kwa nini hukutazama tu.

"Mama, ningetazama ningeuruka."

Chai uliiacha ipoe. Wali wa moto ulisema unamharakisha mtu. Watoto wako walijua kuwa ukija na viatu mkononi, siku ilikuwa ndefu, wakakuletea maji bila ya kuambiwa.

Ummy alipoombewa gari alikuwa na miaka minane. Anakaa na bibi yake, Bi Kidawa, nyuma ya Chukwani, upande wa mikoko, na anasoma zamu ya mchana. Ulimpima saa sita, akienda. Njia yao ya mkato inapita kwenye mchanga mgumu kando ya mikoko. Ulipata kamba themanini na nane, yaani kilomita moja na mita mia saba na sitini. Ukaandika kuwa haifiki, na ombi likarudishwa.

Bi Kidawa alikufuata ofisini. Ametusimulia mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu, wewe umempima kwenda. Kurudi je, kakupimia nani? Pweza?"

Siku za bamvua, mtoto anapotoka skuli saa kumi na moja, maji yameshapanda na njia ile haipo. Bi Kidawa humbeba Ummy mgongoni, akakiacha kiti kwenye mikoko, au hukaa naye skuli kungoja maji yapungue. Sisi tumezaliwa pwani. Bamvua ulilijua kabla ya kujua kusoma. Lakini miaka yote ulipima kwenda, ukahesabu kuwa kurudi ni hivyo hivyo, na hakuna njia iliyowahi kukupinga.

Bi Kidawa anasema ulimvutia kiti. Kisha ukamwambia, "Nimekosa mimi. Nitaipima ya barabarani, ya kurudi."

Ulikwenda Jumapili, peke yako, ncha ya kamba umeifunga kwenye kigingi. Hukutuambia. Siku zote ulisema njia ya mtoto haipimwi bila mtoto, na siku hiyo hukumchukua. Labda uliona haya. Labda ulitaka Ummy apumzike. Hatujui, na hatutalisema tusilolijua. Uliporudi ulilalamika kichwa kinakuuma, presha ikapanda, na siku ya tatu tukakuzika Mwanakwerekwe.

Nguo zako zilipogawiwa, Shaame alikuta komwe kwenye mfuko wa buibui akazimimina kwenye kikapu cha bao letu. Mwaka mzima tumecheza na komwe zako. Juzi Bi Kidawa alipanda ngazi zetu za Mji Mkongwe, akishika ukuta, kuuliza ombi limefikia wapi.

"Nimengoja mwaka nikidhani karatasi iko njiani," alisema. "Kumbe nayo inangoja gari."

Alipokwisha kutusimulia nilimwaga kikapu sakafuni nikahesabu mara tatu. Mia moja na tano. Bao linataka sitini na nne. Zako ni arobaini na moja.

Ulfat, anayekaa kwenye dawati lako sasa, alitwambia kwa upole kuwa komwe si kipimo. Ana haki. Ametaka tumpelekee njia nzima, kutoka skuli hadi mlangoni kwa Bi Kidawa, naye atakuja kuihakiki na kuyaona maji kwa macho yake. Orodha ya muhula ujao inafungwa kesho kutwa, na bamvua linamalizika siku hiyo hiyo. Zikipita kamba mia, yaani kilomita mbili, Ummy atapata gari. Zisipopita, atabaki nyumbani. Bi Kidawa hakuficha: magoti yake hayana mwaka mwengine.

Basi leo tumeanzia langoni mwa skuli, kama mtu anayerudi. Shaame anasukuma kiti na kulalamika.

"Nshachoka. Dada alikuwa na miguu ya ngamia."

"Ami Shaame, wewe unasukuma tu," Ummy akamwambia. "Mimi ndiye nnayehesabu."

Ni kweli. Komwe ziko mapajani pake, na mara mbili amenisahihisha.

Kamba ya arobaini na moja imeishia kwenye nguzo ya uzio wa waya. Ummy ndiye aliyekiona, kwa kuwa kiko sawa na macho yake: kipande cha kanga kimefungwa mafundo mawili, rangi imekwisha kwa jua. Tulimpelekea Mama picha kwenye simu. Ameutambua upindo. Ni kanga yake.

Shaame hakufanya mzaha.

"Hapa ndipo alipochoka?" Ummy akauliza.

"Hapa ndipo alipofika," nikamjibu.

Hatukukifungua. Tumefunga chetu chini yake. Sasa adhana ya magharibi inalia, na gizani mtu hukosea, kwa hivyo Shaame atamsukuma Ummy hadi kwao bila kamba. Imebaki kona ya msikiti, na imebaki barabara yote ya vumbi. Itakuwa kamba ngapi hatujui, wala hatutakisia. Kesho saa kumi na moja, Ummy akitoka skuli, tutakuwa hapa kwenye nguzo.

Wanaokukumbuka ni mama yako Bi Mwanakheri, mumeo Abrahman, wanao Thuwaiba na Haitham, na ndugu zako Shaame na Mbarouk. Bi Kidawa na Ummy wameomba nao waandikwe.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Dada. Umo katika kumbukumbu zetu siku zote, na kesho tunaanza na kamba ya arobaini na mbili.