Mwombe Shangazi Moto

Mdogo wangu Kabula,

Uniwie radhi kwa kimya changu cha tangu masika. Huku Italia mimi ni mzima, ila baridi imenikaa magotini. Natumaini hapo mjini, Gongoni, wewe na shemeji hamjambo, na cherehani haijauchosha mgongo wako. Barua hii nitaipiga picha na kuituma kwa simu, maana posta itakawia.

Uliniuliza mwalimu mstaafu kama mimi nasomea nini hata niitwe mwanafunzi tena. Nachunguza fikra za wasomi wa Ulaya wa karne nyingi zilizopita, waliofufua elimu ya Wagiriki na Warumi. Walipima nyota, wakachora mwili wa mtu mshipa kwa mshipa. Na baadhi yao, kwa Kilatini kisicho na kosa, waliandika kwamba bibi kizee aweza kumwua mtoto kwa kumtazama tu. Nataka kujua akili nyingi namna ile zilifikaje hapo.

Nilidhani hayo ni ya kale. Jumapili nikampigia simu mdogo wetu Masele kule Puge, nikamwuliza habari za Shangazi Nyanzobe.

"Yupo," akasema. "Ila siku hizi majirani hawaji kwake kuomba moto."

"Wanasemaje?"

"Hawasemi kitu, kaka."

Wewe unajua kwamba tangu utoto wetu makaa ya asubuhi ya mtaa ule hutoka jikoni kwa shangazi. Katika mashauri ya uchawi ya enzi zile ninayoyasoma, majirani huanza kwa kuacha kupokea kitu mkononi mwa mwanamke. Kisha mtoto hufa. Nikamwuliza Masele kama kuna mtoto aliyefariki.

"Wa nyumba ya pili. Homa tu."

Kisha Masele akampelekea shangazi simu. Nilimsihi ahamie kwako. Akacheka.

"Nyinyi wasomi. Macho haya mekundu yameiva kwa moshi wa mavi ya ng'ombe, nikiwapikia mpaka mkaota ndevu. Leo niyafiche mjini? Nikiondoka watasema, mnaona, amekimbia."

Katika mashauri yale, aliyekimbia alihesabiwa kuwa amekiri. Aliyebaki walimfuata nyumbani.

Msimamizi wa utafiti wangu ameniambia kwamba nikirudi nyumbani kabla ya kuwasilisha sura ya mwisho, nafasi yangu itafungwa. Nitamwona tena kesho.

Wewe usinisubiri. Nenda Puge Ijumaa. Usianzie kwa Masele. Pita katikati ya kijiji mchana, watu wakikuona, umwombe shangazi moto. Pika kwa moto huo, ule, ulale kwake.

Mpe shikamoo yangu mama mkwe wako, mkunga mstaafu, umwombe mfuatane: yeye aweza kuwaeleza wale wazazi homa ni nini. Msalimu pia shemeji, fundi baiskeli wetu. Yeye abaki na watoto.

Nikishaamua kubaki au kuja, nitakuandikia siku hiyo hiyo. Nikikawia, ujue niko njiani.

Kaka yako mkubwa,
Mhoja