Gari la Babu Haliuzwi Leo

Baba,

Yule mnunuzi wa vyuma chakavu akija saa nne, mpe ~~soda~~ maji, soda ni yangu. Kisha umwambie kwa heshima zote kwamba gari la Babu haliuzwi.

Jana nilikuona umekaa ndani yake peke yako, umeshika usukani wa baba yako. Basi leo alfajiri nikafungua swichi tu, injini sikuiwasha. Mshale wa joto ukaruka hadi kwenye nyekundu. Nikagusa rejeta: baridi kama mtungi. Nikatoa hukumu: mshtakiwa hana kosa, shahidi ndiye mwongo. Nikaufuata waya wa geji ya joto, nikaukuta umechubuka, unagusa chuma. Nikauzungushia utepe wa umeme, mshale ukalala.

Miaka miwili, Baba, umetushusha kila mlimani tukalinyweshe maji gari lisilo na kiu. Na fundi wako, aliyesema injini imekufa, tumwombee.

Chai iko kwenye chupa. Mama anaendesha, tunalijaribu gari kwenye mlima wa hospitali bila dumu hata moja la maji. Tukirudi utaendesha wewe, mimi nitakaa nyuma nikucheke.

Kitinda mimba wako