Leteni Ngozi ya Ng'ombe Wetu

Baba,

Mwangaluka. Najua huko uliko hakuna anayekuuliza umeamkaje, lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba mtu anayeanza maneno bila salamu ana shari moyoni. Mimi leo shari ninayo, tena ya kugawa, ila si yako wewe. Ni ya benki yako ile ya Bariadi mjini, yenye vioo vinavyong'aa na mlinzi anayekupapasa mlangoni kana kwamba umekuja kuiba. Siku hizi nikimwona namhurumia. Anapapasa watu wa upande usio sahihi.

Unakumbuka siku Mzee Masunga alipotokea kwetu Sapiwi na ngozi begani? Nilikuwa bado mdogo, nachezea vumbi karibu na zizi. Alitembea kutoka Mwamapalala, jua linawaka, jasho limemlowesha mpaka mkanda. Ulikuwa umemwekea ng'ombe wako yule mwekundu amtunze. Kwetu ndivyo ilivyo: anayetunza anakunywa maziwa, samadi anatia shambani kwake, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na akifa analetewa ngozi aione kwa macho yake. Mzee Masunga aliitandika ile ngozi mbele yako, akaweka na paja la nyama kwenye beseni, kisha akainamisha kichwa kama mtu aliyefiwa.

Nikakuuliza kwa mdomo wangu huu, "Baba, huyu hatalipa?"

Ulinitazama mpaka nikatamani kuingia chini ya kinu. "Alipe nini? Ameamka alfajiri na ng'ombe wangu miaka yote hii. Mpe mgeni maji."

Jioni alipoondoka ulimkabidhi mtamba mwingine aende naye. Mimi nikaona baba yangu ni mjinga. Nilikuwa mtoto, nisamehe.

Sasa tuje kwa hao wasomi wa tai shingoni. Chama cha msingi kilipotangaza kwamba pesa ya pamba hailipwi tena mkononi, lazima ipitie benki, ulivaa shati lako jeupe la kanisani ukaenda kufungua akaunti. Ulirudi umechangamka kama umetoka harusini. "Nimewawekea wale vijana ng'ombe wangu," ukamwambia mama. Ile pesa uliiacha huko kwa makusudi. Ilikuwa ya kuanza kukusanyia maksai wa pili, maana mwenzake wa yule uliyebaki naye alikufa, na maksai mmoja havuti plau.

Nikija nyumbani kutoka Binza ninakouza vitenge, nilikuwa nakwambia, "Baba, nenda kaulize salio." Ukakasirika kweli. "Mtu umemwekea ng'ombe, halafu kila wiki unakwenda kumhesabu? Hayo ni matusi." Wewe bwana! Uliwaheshimu kama ulivyomheshimu Mzee Masunga. Ukadhani nao wamelelewa.

Na zile meseji zao! Miwani huna, simu yenyewe kioo kimepasuka, kila mwisho wa mwezi inalia unaishika mkononi unatabasamu. "Benki wamenisalimia." Siku moja ukaijibu kabisa, "Wabeja!" ukawapa asante ya Kisukuma. Tulicheka, Baba, mpaka mama akatoka jikoni na mwiko kuuliza kuna nini. Kumbe ile salamu ilikuwa ya mtu anayekwambia nimeshakunywa maziwa, sasa naanza kula mkia. Makato ya mwezi, makato ya kadi ambayo hukuitoa hata kwenye bahasha, na makato ya meseji yenyewe iliyokuja kukwambia umekatwa. Jamani! Mwizi wa kuku angalau hakutozi nauli ya kuja kuiba.

Siku tuliyokuzika, baba mdogo alisimama mbele ya kaburi akasema yale yanayosemwa: "Kama kuna anayemdai marehemu, ajitokeze, familia ipo." Watu wakanyamaza. Aliyejitokeza ni jirani, akasema yeye ndiye anayedaiwa na wewe jembe, akaenda kulichukua akalirudisha siku ileile. Nilimwona mama akishusha pumzi. Katika majonzi yale yote, hicho ndicho kilichomshika asianguke, kwamba mume wake amelala safi, hana neno na mtu.

Benki wakanyamaza nao. Hawakutuma hata mchele.

Wakangoja msiba upoe, ndipo wakapiga simu. Mama alipokea simu yako, mtoto wa watu akamwambia kwa sauti ya asali kwamba akaunti ya mzee ina salio hasi. Mama hakuelewa hasi ni nini. Akafafanuliwa: mzee ametumia zaidi ya alichokuwa nacho, kwa hiyo anadaiwa, na kila mwezi deni linaongezeka mpaka lilipwe. Pesa ya pamba yako ya mwisho, ile ya mwaka wa ukame uliyoipigania na mgongo unauma, ilikuwa imeingia na kumezwa yote. Bado haikutosha.

Nimelifikiria jambo hili kwa haki, Baba, kwa sababu hukutulea kusema uongo hata kwa adui. Benki ina kazi zake. Ina walinzi, ina umeme, wafanyakazi wake wanakula. Mtu akienda kwa akili zake timamu akachota zaidi ya kilichomo, bila ruhusa, atozwe, sina ugomvi. Lakini wewe ulichota lini? Hukutoa hata senti. Wao ndio waliotia mkono mfukoni mwako kila mwezi, na mfuko ulipoisha wakaendelea kuchimba, wakafika chini ya sifuri, kisha wakageuka wakakutoza faini kwamba umefika chini ya sifuri. Yaani mtu ale ugali wako, alambe na sufuria, halafu akudai kwa kuwa sufuria ni tupu. Huo ndio usomi wao. Kwa elimu hiyo, bora nibaki na vitenge vyangu.

Mimi nilitaka tuwapuuze. Mama akakataa. Mbuzi waliisha kwenye msiba, kilichobaki ni maksai wako mmoja. Nilipofika nyumbani nilimkuta ameshamfunga kamba, anangoja siku ya mnada. "Hawezi kulala na deni," akasema. Alikuwa halii, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nikamwambia, "Mama, kabla ya mnada twende kwanza tukawaone usoni."

Tukaenda. Kijana wa dawatini alikuwa mstaarabu, nisimsingizie. Akampa mama kiti, akabonyeza bonyeza kompyuta, akasema, "Mama, ni kweli. Ikilipwa ndipo tunaweza kuifunga akaunti."

Mama akauliza, "Mwanangu, alikuja kukopa lini?"

"Hakuja kukopa, mama. Mfumo unakata wenyewe."

"Huyo Mfumo ni nani?"

Watu wa kwenye foleni wakageuka. Kijana akacheka kidogo, akaona mama hacheki, akaacha.

"Nakuuliza," mama akasema. "Siku tunazika, shemeji yangu aliuliza anayemdai marehemu ni nani. Huyo Mfumo alikuwa wapi?"

"Mama, mimi nafuata utaratibu tu."

"Na sisi tuna utaratibu. Mume wangu aliwawekea ng'ombe. Kama amefia kwenu, leteni ngozi niione."

Hapo nikadakia nikamweleza kijana kwamba mama anataka kuona ile pesa iliishaje, moja baada ya nyingine. Akafurahi kupata jambo analolielewa. "Aah, mnataka taarifa ya akaunti! Inawezekana. Ila ina gharama yake, na kwa kuwa akaunti iko hasi, mtalipa taslimu."

Nikamtafsiria mama kwa Kisukuma, taratibu, ili asikose hata neno: ngozi ipo, lakini wanatuuzia.

Baba, mama alicheka! Mara ya kwanza tangu tukuzike. Alicheka kile kicheko chake cha zamani cha kupiga paja, akashika meza, mlinzi akasogea akidhani ni kifafa. Machozi yakamtoka. Akajifuta kwa ncha ya khanga, akasimama, akamwambia yule kijana kwa upole kabisa, "Mwanangu, kwa heri. Nilidhani nimekuja kwa watu."

Tulipofika nyumbani hakuingia hata ndani. Alikwenda moja kwa moja kwa maksai, akafungua ile kamba ya mnada, akamsukuma kiunoni arudi zizini.

Simu bado wanapiga. Mama hupokea, husalimia vizuri, huuliza kama wameleta ngozi, hukata. Pesa yako ya pamba hatujaiona na sidhani kama tutaiona. Hilo linaniuma, sitajifanya haliniumi. Mvua zilipoanza, Mzee Masunga alisikia tuna maksai mmoja. Miguu yake haimfikishi tena mbali, akamtuma mjukuu wake atuletee wa kwake, tumfunge jozi na wetu. Hakuuliza tutamlipa nini. Shamba la juu limeshalimwa, na mama ameanza kupanda.

Ila jambo lililonifanya nikuandikie ni hili. Jumapili baada ya ibada mama alipita kaburini kwako. Nilikuwa nyuma yake, akidhani sisikii. Akainama akang'oa majani, akasema kama anavyokwambia chakula kiko tayari, "Lala, baba watoto. Nimekwenda mpaka kwao nimeuliza. Hudaiwi. Wewe ndiye unayewadai."

Mimi ni binti yako,
yule mwenye mdomo.