Kesi Ndogo Ndogo za Jumatano

Mpumudde, Jinja
10 Aprili 2025

Shemeji Yekosofati,

Salaam aleikum, na kama hiyo huitaki, pokea habari za asubuhi. Sisi hatujambo. Idi ilipita vizuri, Aminah alipika pilau, goti tu ndilo linamsumbua. Mkeo Santa hajambo? Na presha yako je? Nauliza kwa adabu, usije ukadhani nimekusamehe.

Wakati wa uchaguzi ule uliniita mbuzi kwenye simu. Mimi na umri huu! Miaka minne imepita na bado nasikia sauti yako. Ndiyo maana sipigi simu. Simuni mtu anajibu kabla hajameza mate. Barua hii nampa Jimmy, dereva wa teksi za Mbale, ataiacha kwa duka la Patience hapo kwenu Nakaloke.

Shida yangu ni redio. Hizi FM zimenichosha, wallahi. Asubuhi siasa, mchana siasa, jioni wanaleta watu wawili kutukanana, na katikati tangazo la dawa ya minyoo. Mimi nataka Kesi Ndogo Ndogo. Unakumbuka ulipokuwa afande wa magereza hapa Jinja, tukikaa nje ya bucha yangu kila Jumatano jioni, redio juu ya mzani? Hakimu Pilipili na Karani Mama Sinia. Mtu analeta kesi kwamba jirani anakoroma, wanaamua. Hakuna chama, hakuna kura. Tulicheka mpaka wateja wakajikatia nyama wenyewe.

Sasa hapa masafa ya kati hayashiki. Jirani amefungua karakana ya kuchomelea milango, na kila nyumba ina hizi taa mpya, basi redio inanguruma tu. Nimepanda nayo juu ya tangi la maji, Aminah akaita watu waje kunishusha. Nyinyi huko mko karibu na mpaka, stesheni ile ya ng'ambo inawafikia. Nakuomba jambo moja: sikiliza Jumatano, uniandikie walichoamua. Siasa usitie hata neno.

Shemeji yako, kwa sababu tu ulimletea Aminah malewa, yale machipukizi ya mianzi ya kwenu, akakufanya kaka yake, mimi sikuulizwa,
Wahab


Nakaloke, Mbale
24 Aprili 2025

Shemeji Wahab,

Barua nimeipata, inanuka samaki wa Jimmy. Sisi tuko salama, mvua imeanza, mahindi yameota. Presha ipo, tunaamka nayo. Mwambie dada yangu Aminah asugue goti na mafuta ya moto. Mimi pia sijakusamehe. Uliniita "mlinzi wa kufuli bovu," na Santa alikuwa ameweka simu kwenye spika.

Redio hapa inashika, ila lazima niifunge waya kwenye kamba ya nguo, na Santa asianike shuka.

Kesi ilikuwa hivi. Mama mmoja ana kuku. Kila asubuhi kuku anatoka kwake, anakwenda kutaga chini ya kitanda cha jirani, mzee mseja. Mayai ni ya nani? Mama Sinia akasema ni ya mwenye kuku. Yule mzee akaruka: "Basi anilipe kodi ya chumba!" Hakimu Pilipili akakohoa kile kikohozi chake, akahukumu: mayai yaliwe na wote wawili, meza moja, chai itoke kwa mama. Mama Sinia akasema hapo anasikia harufu ya harusi.

Mwisho wakasoma kadi za salamu. Yangu haikusomwa.

Shemeji yako,
Yekosofati, afande mstaafu


Mpumudde, Jinja
8 Mei 2025

Shemeji,

Salamu nyingi, goti la Aminah limepata nafuu, anakushukuru. Na mahindi yako yastawi.

Banange, kuku huyo! Nilimsomea Aminah barazani, mpita njia akasimama, na mwingine, mpaka boda wa kona wakazima pikipiki. Mchomeleaji mwenyewe alizima mashine yake aje asikie. Sasa kila Jumatano wananidai, na kama Jimmy hajaleta kitu nawasomea kuku kwa mara nyingine, wanacheka vilevile. Aminah anasema kuku huyo anafanana na wa Patience wa dukani. Nimemwambia kuku wote wanafanana.

Kumbe bado unatuma kadi? Miaka yote ile hawakusoma jina lako hata mara moja, na hukuchoka! Mimi nilituma moja ikasomwa siku ileile, na ukaninunia mpaka Ijumaa.

Lete nyingine upesi.

Shemeji yako,
Wahab


Nakaloke, Mbale
22 Mei 2025

Shemeji,

Habari za huko? Hapa wote wazima, isipokuwa mbwa.

Jumatano hii ilikuwa kesi nzito. Kuna watu wawili walikuwa na benchi moja, wakikaa pamoja wakila karanga. Siku moja wakagombana kwa jambo lililotoka nje, halikuwahusu wala halikuwaongezea karanga. Walirushiana maneno mabaya. Tangu hapo kila mtu kwake. Sasa mmoja amekuja mlangoni kwa mwenzake na bakuli, amenuna, anaomba chumvi, na anasema kwa sauti kwamba hajasamehe. Mwenye chumvi amempa. Lakini amempa mlangoni, hakumkaribisha ndani.

Swali mbele ya mahakama: nani aanze kusema pole?

Mama Sinia alitaka kuhukumu, Hakimu Pilipili akamzuia. Alisema kesi hii inaumiza tumbo, akaiahirisha.

Kadi yangu haikusomwa.

Shemeji yako,
Yekosofati


Mpumudde, Jinja
5 Juni 2025

Shemeji,

Salaam. Afya njema. Siwezi kurefusha salamu, nimewaka moto.

Baraza zima liligawanyika! Mimi nilisimama nikasema bila woga: mwenye makosa ni huyo wa bakuli! Mtu gani anakwenda kuomba chumvi huku amevimba kama chapati? Si aseme tu pole, rafiki yangu, nilikukosa? Kiburi chote hicho cha nini? Watu wakanipigia makofi. Ni Aminah peke yake aliyecheka mpaka akashika ubavu. Namuuliza unacheka nini, anasema, "Endelea, Baba Bruhan, endelea."

Hukumu itatoka lini? Jumatano watu hawa watanila.

Shemeji yako,
Wahab


Mpumudde, Jinja
3 Julai 2025

Yekosofati,

Hujambo. Mimi sijambo, lakini kwa hasira.

Jana nilikuwa Buwenge, harusi ya mtoto wa mpwa wangu. Jioni umeme ukakatika mji mzima. Hakuna taa, hakuna mashine. Nikatoa redio yangu kwenye mfuko, na masafa ya kati yakaingia safi kabisa. Nikawaita watu: njooni msikie Hakimu Pilipili kwa masikio yenu! Walijaa, hata bwana harusi alikuja.

Ni nini kilitoka? Wanaume wawili wanatukanana juu ya chama. Jumatano! Saa ileile! Mgeni mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, anaitwa Makokha, akanihurumia. Akasema Kesi Ndogo Ndogo ilikufa zamani, Hakimu Pilipili ni marehemu, na Mama Sinia anatafuta udiwani. Mama Sinia, shemeji! Udiwani!

Kwa hiyo kuku ni wako, na karanga ni zako. Umenifanya nisimame mbele ya Mpumudde nzima na uongo mkononi. Usiniandikie tena.

Wahab


Mpumudde, Jinja
14 Agosti 2025

Shemeji Yekosofati,

Salaam aleikum, na habari za asubuhi pia, chukua zote mbili. Presha yako vipi? Safari hii nauliza kwa kuwa nataka kujua. Jimmy anarudi mikono mitupu kila wiki, nami kila wiki nipo stendi kabla yake.

Mimi ndiye nilisema usiandike. Kumbe ndiyo siku uliyoanza kutii!

Baraza sikuliambia kitu. Ningewaambia nini? Walikuja Jumatano ya kwanza, nikasema Jimmy amechelewa. Ya pili, gurudumu. Jana Aminah akaniletea kalamu. Akasema, "Wa bakuli, kaa chini uandike." Nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu kuku.

Basi jana kesi ilisikilizwa, nami nawaandikia nyinyi wa Mbale, maana nasikia huko sasa haishiki.

Hakimu Pilipili aliingia, akakohoa. Alisema mwenye chumvi ana makosa, kwa kuwa alimwacha mwenzake mlangoni. Lakini wa bakuli ana makosa zaidi, kwa kuwa chumvi alikuwa nayo nyumbani. Alichokosa ni rafiki, akaona haya kukiomba kwa jina lake. Hukumu: wa bakuli aanze. Naye akasimama mahakamani akasema: Pole, ndugu yangu. Nilikukosa sana.

Halafu Mama Sinia akafungua kadi za salamu. Alikuta moja imekaa chini miaka mingi, imekunjika pembe. Akaisoma yote, polepole: "Mimi ni Afande Yekosofati wa Nakaloke, Mbale. Namsalimia mke wangu Santa, dada yangu Aminah, na Wahab wa bucha pale Mpumudde. Ujumbe: benchi bado lipo."

Akairudia mara mbili, kwa kuwa baraza liliomba.

Shemeji yako,
Wahab


Nakaloke, Mbale
21 Agosti 2025

Shemeji Wahab,

Salamu kwako na kwa dada yangu. Tuko wazima. Presha jana ilipanda kidogo, lakini kwa jambo jema.

Ulikuwa umeniomba kitu kimoja baada ya miaka minne. Ningekujibu vipi kwamba hakipo?

Jana Jumatano Santa alianua shuka zote kwenye kamba. Tukakaa nje, akanisomea barua yako kwa sauti ya Mama Sinia, nami nikashika waya.

Imeshika vizuri. Nimesikia jina langu.

Naja Jumatano. Kuku wa Patience namleta, Aminah aweke chai.

Shemeji yako,
Yekosofati