Sindano Waliyomchoma Edina

Jumatatu, 2 Juni
Nashona sketi za shule tangu asubuhi. Marinda, marinda. Mkono unauma nikivuta kitambaa, au nadhani unauma. Tangu daktari wa hapa Iringa aseme, upande wote huo unauma.

Uvimbe uko palepale kwenye titi. Mgumu kama punje ya hindi kavu. Ultrasaundi imeuona, haijasema ni nini. Daktari kasema picha haitoshi. Lazima nichukuliwe kinyama, kipande kidogo cha uvimbe wenyewe, kikapimwe maabara. Kanipa rufaa ya Mbeya.

Sijamwambia Baba Neema.

Jumatano, 4 Juni
Nimemwambia. Bora ningenyamaza.

Alikuwa anapiga msasa mguu wa kitanda cha mteja. Akaacha.

"Huendi."

Nikamwuliza kwa nini.

"Edina alichomwa sindano hiyohiyo. Alikwenda anatembea mwenyewe. Mwaka haukuisha tukamzika. Vitu hivyo ukivichokoza vinasambaa."

Edina alikuwa mdogo wake, wifi yangu. Mwisho mwisho nilikuwa namwosha mimi. Titi lilishapasuka. Nilijifunga kanga puani, na yeye aliona nimejifunga.

Naogopa sindano kuliko uvimbe.

Jumapili, 8 Juni
Kanisani sikusikia neno. Nilikuwa naupapasa uvimbe kwa vidole ndani ya sweta.

Dada Atu kapiga simu toka Mbeya. Nikamweleza yote. Akasema, "Mdogo wangu, huo uvimbe ukiachwa utakwenda wapi?"

Nimemwambia Baba Neema kwamba dada anaumwa miguu, naenda kumwangalia. Kaniamini. Kanifungia na viazi vya kumpelekea. Najisikia mwizi.

Jumatatu, 9 Juni
Basi. Ukungu mpaka tulipopita Nyololo. Chimala abiria walishuka kununua mchele, mimi sikushuka. Mama wa kiti cha jirani aliniuliza naenda kumwona nani. Nikasema mgonjwa.

Jumanne, 10 Juni
Imefanyika. Niandike kabla sijasahau, maana yale niliyokuwa nawaza siyo niliyoyakuta.

Nilikunywa chai kama kawaida, hawakunikataza. Daktari ni mwanamke, sauti ya chini. Kwanza maswali. Kuna dawa inanidhuru? Natumia aspirini, au dawa yoyote ya kuzuia damu kugandana? Nina ujauzito? Nikasema hapana zote.

Nikalala chali, mkono juu ya kichwa. Jeli baridi. Kwenye skrini uvimbe ulionekana doa jeusi lenye kingo zisizonyooka. Nikageuza uso.

Nikamwuliza. Nilijiapiza nitauliza. "Daktari, ni kweli kwamba sindano inausambaza?"

Hakucheka. "Si kweli, mama. Kama ni mbaya, ulikuwa mbaya kabla sijakugusa. Na uvimbe mwingi tunaopima hapa siyo saratani. Tunachukua kinyama ili tujue tunatibu nini. Kinachoua ni kuchelewa."

Ganzi ilichoma kama siafu, halafu upande ukafa. Akakata ngozi kidogo sana, sikusikia. Kabla ya kuingiza sindano ya kinyama alinisikilizisha mlio wake hewani ili nisishtuke. Tak! Kama ile mashine ya kubania karatasi. Nilishtuka hata hivyo. Sikusikia maumivu, nilisikia kusukumwa tu. Alirudia mara kadhaa. Kila mara anaangalia skrini, sindano inaonekana mstari mweupe unaingia kwenye doa.

Niliomba kuona. Nyuzi nyembamba, nyeupe, ndani ya kichupa cha maji. Uhai wangu umekaa kwenye nyuzi zile, na hata kifungo zisingeshona.

Muuguzi alibana kwa kiganja muda mrefu damu isimame. Plasta. Nisibebe kizito, nisilowanishe. Maumivu yakija nimeze panado, siyo aspirini. Ngozi itavilia, ni kawaida. Lakini damu isiposimama, au pakivimba na usaha, au homa, nirudi upesi.

Hakuna kushonwa, hakuna kulazwa. Nimetoka kwa miguu yangu. Majibu wiki mbili.

Edina naye alitoka anatembea. Sijaacha kuliwaza hilo.

Ijumaa, 13 Juni
Nyumbani. Titi limevilia damu, zambarau na kijani. Nilikuwa navua blauzi, Baba Neema akaingia kuchukua sweta lake. Akaona plasta.

Alisimama. Akatoka bila sweta.

Jumanne, 17 Juni
Analala chumba cha watoto. Neema na mdogo wake wako bweni, kuna nafasi. Anakula nikishaondoka mezani.

Sindano imeshaingia. Hawezi kuitoa. Anasubiri nife ili awe alisema kweli. Nimeandika vibaya. Naliacha hivyohivyo.

Ijumaa, 20 Juni
Kidonda kimefunga. Namshonea mtu gauni la kipaimara. Nimelikata fupi, itabidi niunge.

Jumatano, 25 Juni
Alfajiri nilimkuta Baba Neema stendi. Amevaa koti la kanisani. Sikuwa nimemwambia tarehe. Lazima ni Atu kamwambia. Tulikaa kiti kimoja mpaka Mbeya.

Daktari akasema tukae. Nikajua.

Ni saratani. Kasema polepole, kisha akarudia. Ni ndogo. Kwapani hawajaona kitu, lakini kuna vipimo vingine. Upasuaji, halafu dawa. Kasema tumewahi. Nilisikia neno hilo kwa mbali, kama redio ya jirani.

Baba Neema akaegemea mbele. "Mdogo wangu alichomwa sindano hii. Ikamsambaa."

"Pole sana, baba. Baada ya majibu alitibiwa wapi?"

Akavua kofia.

"Alipangiwa upasuaji?"

"Alipangiwa."

"Ikawaje?"

Alikuwa anazungusha kofia magotini. "Tulimtoa. Nilimtoa mimi. Nilimpeleka kwa mtu wa mizizi. Alikuwa analia anataka kubaki, nikambeba."

Mimi nilitazama sakafu. Nilidhani ningemhurumia.

Alhamisi, 26 Juni
Nimebaki kwa Atu. Baba Neema karudi Iringa.

Nina hasira. Mimi aliniambia hospitali ndiyo waliomrudisha. Miaka yote hii analaumu sindano, maana bila sindano anabaki yeye. Na alikuwa tayari kunizika na mimi ili asibaki peke yake na jambo hilo.

Namchukia leo. Kesho sijui.

Jumatano, 2 Julai
Kapiga simu. Kauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akabaki kwenye simu, nasikia anavyohema. Mwishowe akasema, "Mama Neema, wakisema ukatwe, ukatwe." Simu ikakatika, au aliikata.

Nililia jikoni. Atu akaninyang'anya mwiko akaendelea kusonga.

Jumapili, 13 Julai
Wodini Mbeya. Upasuaji ni kesho asubuhi. Titi lote linaondoka. Nimeliangalia bafuni, nikafunga kitenge.

Mvua ya rasharasha isiyo ya msimu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani anasali Kinyakyusa, taratibu.

Baba Neema kafika mchana. Muuguzi kasema kucha ziwe fupi, bila rangi. Akaazima mkasi mdogo, akavuta stuli. Vidole vyake vimezoea nyundo, mkasi unampotea. Anakata moja, anapuliza, anakata nyingine.

Amenisimulia Edina akiwa mtoto. Alikuwa anajificha kwenye kihenge cha mahindi, anatafutwa nyumba nzima, anacheka humohumo mpaka anajulikana. Sijawahi kumsikia akimtaja hivyo.

Bado hatujasameheana. Lile jambo hatujaligusa.

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto anao yeye.