Bastola Iliyonukia Maziwa

Kericho,
Jumapili alasiri

Kwako Mama Mshai, mke wangu,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini karatasi hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na binti yetu, na kwamba mvua za huko Taita zimekumbuka shamba letu mwaka huu. Mama anaendeleaje? Lile goti limepoa ama bado analigombeza kila wingu likitanda? Mwambie dawa ya kuchua iko pamoja na barua hii. Nimempa dereva mmoja wa lori anayepeleka chai Mombasa, naye ameahidi kuacha mzigo Voi kwa binamu yako wa duka la mbegu. Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala, sijambo.

Najua utashangaa kuona nimeshika kalamu siku hizi za simu. Simu inanifanya niwe mwongo. Ukiniuliza hali, nasema niko poa, na kabla sijaongeza neno mtu anabisha mlango. Na lile swali ulilouliza wiki jana, kama nitakubali kubaki huku nifanywe mkuu wa ghala la silaha ama nitaomba uhamisho nirudi karibu na nyumbani, nililikimbia nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilikusikia hata ukivuta pumzi. Nilikata kwa sababu sikuwa na jibu.

Unajua jinsi ninavyoipenda kazi hii. Huko Voi hawana nafasi ya fundi wa silaha, kwa hiyo nikirudi nitavalishwa koti la mvua nizunguke mitaani kama kurutu, na umri huu wangu. Huku nina meza yangu, taa yangu, na hakuna mtu anayenigusia vifaa. Lakini jioni ni ndefu. Wenzangu kwenye kantini huanza mazungumzo kwa Kiswahili kwa sababu yangu, kisha mmoja anakumbuka kisa kitamu, kisa kinaingia kwa Kikipsigis, nami nabaki nikicheka wakicheka. Nikirudi chumbani ni sufuria moja na sahani moja. Juzi mvua ya mawe ilipiga mabati alasiri nzima, nikajikuta namjibu msomaji wa habari kwenye redio. Usicheke. Ama cheka tu, huenda ukanipunguzia aibu.

Sasa nikusimulie habari za kazi, maana kuna jambo limenipata huku na sina mwingine wa kumwambia.

Sheria ni kwamba mtu mwenye leseni ya bastola akifariki, bastola hairithiwi hivi hivi kama ng'ombe. Lazima nifike niikague. Kwanza nahakikisha haina risasi, kisha nalinganisha namba zake na zile za leseni. Naweka karatasi nyeupe upande mmoja wa mtutu na kuchungulia upande wa pili nione kama njia ni safi. Nasikiliza springi. Ikiwa nzima, mtoto wa marehemu anaweza kuomba leseni yake, na bastola inabaki nyumbani. Ikiwa mbovu naibeba, na haina kurudi, inaenda kuyeyushwa. Nimezunguka vilima hivi vyote kwa kazi hiyo. Kule Kedowa nilipata moja imefungwa kwenye soksi ya mtoto mchanga, na upande wa Longisa kuna mzee aliyenionyesha yake kwa fahari kubwa kumbe haijafyatuliwa tangu ainunue. Watu huwa na mambo na vyuma hivi.

Mwezi uliopita nikatumwa kwa mama mmoja mzee karibu na Sosiot. Mumewe alikuwa karani mkuu kwenye kiwanda cha chai, akastaafu, akafariki mwaka jana. Aliacha bastola ya zamani, ile ya kuzungusha, aliyouziwa na bosi wake aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Mtoto wake wa kiume, Kibet, ni mwalimu, mtu mpole, anaishi hapo hapo bomani na mama yake. Alikuwa amesharudisha risasi zote stesheni na kujaza karatasi za kuomba leseni. Kilichobaki ni bastola yenyewe, na mama hakutaka kuitoa.

Siku ya kwanza nilimwamkia chamgei, ndiyo salamu yao, akafurahi sana. Akanipa chai, na baada ya chai akanipa mursik, maziwa yao yaliyolala kwenye kibuyu. Nilipotaja bastola akageuka kama hakusikia.

"Afande, bibi yako iko wapi?"

"Yuko nyumbani, Taita."

"Hiyo ni mbali. Sasa nani anakupikia?"

"Najipikia, kogo." Kogo ni nyanya kwa lugha yao, na huku hata afande anamwita mzee hivyo.

"Hiyo si kupika. Hiyo ni kujaza tumbo."

Kibet alinisindikiza hadi barabarani akiomba radhi. "Nimemwambia aitoe, anasema bado iko na kazi. Afande, mimi hata sitaki bunduki. Nataka tu ikae kwa nyumba, juu ya mama. Akiona imebebwa, sijui itakuwaje." Nikamwambia asijali. Bastola za wakati ule zilitengenezwa vizuri, na zikitunzwa zinapita bila shida. Nilirudi stesheni nikiwa na hakika kwamba bastola ile haitatoka katika nyumba ile.

Mara ya pili kogo alikuwa ameamua. Aliiweka mezani ikiwa imefungwa kwa mafla ya mumewe. Nilipoifungua harufu ikanipiga, moshi na maziwa. Mama Mshai, nimeshika bastola nyingi na kila moja hunuka mafuta ya mashine. Hii ilinuka kama jikoni. Nje iling'aa kuliko kitu chochote mle ndani. Kogo alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, kama mzazi aliyeitwa shuleni mtoto wake akapewe zawadi.

"Kila Saturday mzee alikuwa anakaa hapo, anaosha yake," akasema. "Mimi nakaa hapa, naosha sotet zangu." Sotet ndicho kibuyu cha maziwa. "Akienda, nikasema sasa hii nayo nani ataiosha? Nikaiosha mimi."

Nikamuuliza ameioshaje.

"Vile sotet inaoshwa. Kwanza maji moto. Halafu inakaa kwa jua. Halafu makaa ya senetwet, nasugua huko ndani mpaka iwe nyeusi. Halafu mafuta ya maziwa kidogo. Sotet yangu haijawahi kuharibika hata moja."

Kwa kibuyu ndivyo inavyotakiwa. Makaa ya mti ule hulinda maziwa, na watu wa huku wamefanya hivyo tangu mababu. Lakini chuma ukikimwagia maji moto, yanapenya kwenye viungo ambavyo jua haliwezi kukausha, na ukiziba juu kwa makaa na mafuta ya maziwa umeufungia unyevu ndani. Niliweka karatasi nyeupe nikachungulia. Sikuona mwanga. Nilipojaribu kuzungusha pale pa risasi pakakataa, na nilipoongeza nguvu kidogo kutu ikadondoka mezani kama majani ya chai. Mwaka mzima, kila Jumamosi, mama huyu alikuwa akiiharibu kwa mikono yake mwenyewe, kwa upendo, ili isiharibike.

Kibet, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Iko sawa?"

Nikatikisa kichwa. Nikasema imekwisha, nitalazimika kuondoka nayo. Kogo hakumtazama mwanawe, alinitazama mimi.

"Ni mimi?"

Unanijua nilivyo mgumu kwenye kazi. Nimewahi kumwambia mkubwa wangu mbele ya watu kwamba bastola yake ni chafu. Lakini kwa yule mama ulimi ulikataa. Nikasema, "Hapana, kogo. Ni uzee. Chuma nacho huchoka." Kwenye fomu niliandika kutu, na fomu haina mahali pa kuuliza kutu ilitoka wapi. Kogo akaifunga tena kwa ile mafla, akanipa kwa mikono miwili, akasema kongoi, yaani asante, kana kwamba mimi ndiye niliyempa kitu. Sijui kama aliniamini.

Nilibeba mzigo ule hadi stesheni na kuufungia kabatini. Usingizi ulikuwa wa shida wiki hiyo. Jumamosi nilikuwa na ruhusa, nikanunua sukari na mkate, nikarudi Sosiot bila sare na bila karatasi yoyote. Kogo hakuuliza nimefuata nini. Alikuwa ameketi mezani na vibuyu vyake. Akanionyesha kiti cha mzee, akanisukumia kibuyu kimoja na kijiti cha kusugulia.

Nikasugua. Nilikuwa nasugua vibaya, maana mara mbili alininyang'anya akarekebisha. Tulikaa hivyo muda mrefu, nje kukinyesha, hakuna anayeongea. Kisha akasema, kama anayezungumza na kibuyu, "Na mzee hatukuwa tunaongea mingi. Mambo ya kuongea iliisha zamani, watoto wakiwa wadogo. Alikuwa tu hapo."

Nililia, Mama Mshai. Mtu mzima, koplo wa polisi, nimeshika kibuyu cha watu. Nikasema ni moshi. Kogo akaangalia jiko, ambalo halikuwa na moto, akanisukumia kibuyu kingine.

Nilikuwa nikifikiria jinsi ninavyokuja nyumbani siku hizi. Nikifika unachinja kuku na kutoa vikombe vya wageni. Mshai ananisalimia kwa adabu kama anamsalimia mwalimu wake, halafu anaenda kukaa karibu na wewe. Mimi na wewe tunaongea usiku kucha, maana tuna siku chache, na tunaongea yote, karo, paa, mama. Sikumbuki lini mara ya mwisho tulikaa tu. Nimekukosa sana. Nimekikosa hata kile kikohozi chako cha asubuhi na jinsi unavyonung'unika ukitafuta kiatu cha pili. Nisemapo niko poa, ndiyo haya huwa nayaacha.

Nisalimie mama na umpake ile dawa mwenyewe, kwa sababu akiachiwa ataimaliza siku moja. Nisalimie kaka yangu Mghanga na mkewe, mwambie ule mpaka wa shamba asiuguse mpaka tuongee. Msalimie dada yako mshonaji, na yule mzee jirani anayekuletea kuni, na mchungaji. Mshai mwambie baba anamsalimia, na asipotaka kuambiwa usimlazimishe.

Nilitaka kumalizia hapo, lakini hapo ningekuwa nimelikimbia swali lako mara ya pili. Juzi nilimpelekea mkuu wa stesheni barua ya kuomba uhamisho. Aliisoma, akaniambia ninatupa cheo ambacho wengine wanakitafuta kwa udi na uvumba. Akatoa fomu. Akasema panatakiwa sababu, mgonjwa, masomo, ama mzazi asiye na wa kumtunza, nichague moja aandike.

Nikamwambia aandike mke wangu yuko hai.

Akadhani namfanyia mzaha. "Koplo, hiyo si sababu."

Nikamwambia sina nyingine.

Ni mimi mumeo,
Baba Mshai